DT 125 ya zamani kwenye treki: ziba hewa kabla hujatafuta mwendo

Kila nikipeleka Yamaha DT 125 yangu kwenye treki ya Garuga, upande wa Entebbe, kuna kijana atakayenifuata akiuliza, "Kaka, umeongeza nini kwenye injini?" Anatarajia nimtajie kabureta kubwa au ekzosi ya kuchomelewa. Injini yangu ina vipimo vilevile vya kiwandani: silinda milimita 56, mwendo wa pistoni milimita 50, ujazo sentimita za ujazo 123. Nilichoongeza ni miezi minne ya kupima na kuziba. Nawaandikia wenye Yamaha DT za zamani, au pikipiki yoyote ndogo ya mipigo miwili inayopozwa kwa upepo, wanaotaka kuiingiza kwenye treki ya murram badala ya kuiacha iote kutu nyuma ya nyumba.

Yangu niliinunua ikiwa mfu. Tangi lilikuwa limejaa kutu, pampu ya oili imekwama, na bushi za mkono wa nyuma zimelika hadi gurudumu likawa linacheza kama jino bovu. Niliipeleka kwenye karakana yetu Katwe, hapa Kampala. Pale Kiswahili ndicho lugha ya kazi, kwa sababu mmoja wetu ametoka Bombo, mwingine Bunia, mwingine Busia, na spana lazima iitwe kwa jina moja.

Mara ya kwanza niliijenga vibaya. Nilitoboa silinda, yaani kuipanua kwa mashine, nikaweka pistoni mpya, nikapiga rangi fremu, nikanunua tairi za meno. Sili mbili za kranki, zile pete za mpira zinazoziba hewa pande mbili za mhimili wa injini, niliziacha kwa kuwa kwa macho zilionekana nzima. Siku ya mazoezi pikipiki ikawa na tabia moja: nikifunga gesi, mlio unachelewa kushuka, kama injini haijasikia. Nikachukua bisibisi na kupunguza skrubu ya sailensi, ile ya mwendo wa injini ukiwa hugusi gesi. Mzunguko wa tatu, mwisho wa sehemu iliyonyooka, nikafunga gesi kuingia kona na pistoni ikashika, ikakwama ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma liliganda papo hapo na mimi nikaenda chini. Bega lilinivimba kwa wiki mbili.

Mzee wetu wa Bombo ndiye aliyeifungua. Alivuta flaiwili ya magneto, lile gurudumu la kuzalisha umeme ubavuni mwa injini, akachomoa sili iliyo nyuma yake na kunipa niishike. Mdomo wake wa mpira, ule unaotakiwa kukumbatia kranki, ulikuwa mgumu kama ukucha. Ukiusukuma kwa kidole haurudi. "Hii ndiyo iliyokula pistoni yako, mwanangu," akaniambia. "Petroli ilikuwa inaingia, na upepo nao ulikuwa unaingia bila kuitwa."

Hapo ndipo nilipoielewa injini ya mipigo miwili. Chini ya pistoni, lile kasha la kranki si chombo cha kukaa oili kama kwenye bodaboda za kawaida. Ni pampu. Pistoni ikipanda, kasha linavuta mchanganyiko kutoka kwenye kabureta. Ikishuka, linausukuma juu kwenye silinda. Sili ya upande wa magneto ikivuja, hewa inaingia bila petroli, moto unakuwa mkali kupita kiasi. Na kwa kuwa oili ya kulainisha inasafiri pamoja na petroli, pungufu ya petroli ni pungufu ya oili pia. Ikivuja ile ya upande wa klachi, kranki inanyonya oili ya gia: utaona moshi mweupe usioisha, na oili ya gia inapungua ingawa hakuna tone chini. Zote mbili ni vipande vya mpira unavyoweza kuvifunika kwa kiganja. Kwenye pikipiki ya umri huu badilisha zote, hata kama zinang'aa. Na kama umelifungua kasha, weka na beringi mpya za kranki, ukiangalia alama ya C3 ubavuni. Alama hiyo inamaanisha beringi ina nafasi ya kutanuka ikipata joto.

Sasa, usiamini sili mpya pia. Pima. Kifaa changu ni kipimo cha shinikizo la damu, kile cha mkono chenye saa na kipira cha kusukumia, nilichonunua kwenye duka la dawa. Kinasoma hadi milimita 300 za zebaki, na injini hii inapimwa karibu na hapo. Nilichukua plagi kuukuu, nikavunja kauri yake, nikagundisha mpira wa kipimo kwenye tundu lililobaki. Tundu la ekzosi nililiziba kwa kipande cha tyubu ya gari kilichobanwa na bamba la chuma kwa nati zilezile za ekzosi. Upande wa kabureta nilitumia kizibo cha mbao kilichokerezwa, kimefungwa na klipu. Pistoni ishushwe hadi chini kabisa ili milango ya pembeni iwe wazi na hewa ifike kwenye kasha. Kisha sukuma hadi 280, usisukume zaidi, utazing'oa sili zenyewe. Tazama saa ya ukutani. Mshale ukishuka zaidi ya 50 kwa dakika moja, usiwashe injini hiyo. Yeyusha sabuni ya unga, paka kwa brashi kwenye kila maungio: chini ya silinda, kwenye kichwa, katikati ya makasha mawili, nyuma ya magneto. Palipo na tobo, povu litakuonyesha.

Mara ya pili, baada ya sili mpya, yangu bado ilishuka. Tulitafuta jioni nzima. Povu halikutoka kwenye sili wala gasketi, lilitoka kwenye kijitundu cha mrija wa pampu ya oili niliyokuwa nimeing'oa. Kwa hiyo ukiamua kama mimi kuachana na pampu na kuchanganya oili kwa mkono, ziba tundu lake kwa skrubu na gundi isiyoyeyuka kwa petroli. Mimi nachanganya 1 kwa 25: lita 5 za petroli, mililita 200 za oili ya mipigo miwili. Napima kwa chupa ya kunyonyeshea mtoto, kwa sababu alama zake ni sahihi na zinasomeka hata gizani kwa tochi.

Kuhusu silinda, neno langu ni moja: nunua pistoni kwanza, ndipo uende kwa fundi wa boringi ukiwa nayo mkononi. Pistoni za kuongeza zinapanda kwa robo milimita, 0.25, 0.50 na kuendelea, lakini ile iliyoandikwa 0.50 kwenye boksi inaweza isiwe 0.50 kwenye maikromita. Nimeshaona sokoni Kisekka pistoni mbili za boksi moja zikitofautiana. Fundi aipime sketi ya pistoni yako mwenyewe, halafu atoboe silinda kuifuata. Kati ya pistoni na silinda mimi niliomba nafasi ya milimita 0.05, kwa sababu treki ina joto kuliko barabara. Ukifika nyumbani, piga tupa kidogo kwenye kingo za milango ya silinda, maana kingo kali baada ya kutoboa hunasa ringi na kuivunja. Sukuma ringi peke yake ndani ya silinda, upime mwanya kati ya ncha zake kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia. Wangu ulikuwa milimita 0.30. Kazi hii ni ya nusu saa.

Jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima petroli, zinataka subira. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na treki zetu ziko juu ya ziwa. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Mombasa. Injini inapata hewa kidogo, lakini jeti inaendelea kumwaga petroli karibu ileile, basi mchanganyiko unakuwa mzito na pikipiki inakohoa juu. Watu wengi hapa Kampala huendesha hivyo miaka nenda rudi wakidhani ndiyo nguvu ya DT. Mimi nilishusha jeti kuu saizi mbili, moja baada ya nyingine, na baada ya kila moja nikasoma plagi. Namna ya kuisoma: weka plagi mpya, fungua gesi yote kwenye sehemu ndefu, kisha kwa mkupuo mmoja bana klachi na uzime injini, uteleze hadi usimame. Fungua plagi, tazama chini kabisa kwenye shina la kauri. Rangi ya kahawa, umefika. Nyeupe, rudisha jeti kubwa mara moja. Ukikosea kwa jeti kubwa utapata moshi na kikohozi, basi. Ukikosea kwa ndogo, unarudi Kisekka kutafuta pistoni.

Na usiguse jeti kabla injini haijapita kipimo cha hewa. Jeti haiwezi kutibu sili.

Vumbi la murram linahitaji heshima yake. Ule wekundu unaoganda kwenye soksi zako ndio unaosaga ringi. Sifongo ya filta naisafisha kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, naikausha kivulini, naipaka oili ya filta na kuikamua hadi ienee kote. Sifongo kavu haizuii vumbi la murram. Pikipiki za zamani zina ugonjwa mwingine: boksi la filta limepasuka, au mpira wake umenyauka, na vumbi linapita pembeni. Paka grisi nyembamba kwenye mdomo wa sifongo. Baada ya mazoezi pitisha kidole kisafi ndani ya mpira unaoelekea kwenye kabureta. Kikitoka na wekundu, tafuta ufa kabla hujawasha tena.

Breki ni za ngoma, na zinafanya kazi vizuri zikitunzwa. Hakikisha ukibana sana, kimkono cha breki na waya wake vinakaribia pembe mraba. Kikiwa kimelala kupita hapo, viatu vimekwisha. Bushi za mkono wa nyuma na gololi za shingo ya usukani, badilisha tu. Kwenye fremu safisha rangi karibu na vikanyagio na utazame kwa tochi. Yangu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele chini ya kikanyagio cha kushoto. Cheni mpya iende na sproketi mpya zote mbili. Sproketi ya mbele niliipunguza jino moja, kutoka 15 hadi 14, kwa sababu kwenye treki fupi gia ya juu haina nafasi ya kutumika.

Taa, vioo, standi na indiketa vyote vitoke. Bolti ya kumwagia oili ifungwe kwa waya, ncha za usukani zizibwe, swichi ya kuzimia ifikike kwa dole gumba, na gesi ijifunge yenyewe ukiiachia, usukani ukiwa umekatwa kushoto na kulia. Kabla ya yote hayo nenda kwenye klabu yako iliyo chini ya FMU, shirikisho letu la vilabu vya mashindano ya magari na pikipiki Uganda, uulize masharti ya daraja unalotaka kushindana. Uliza mapema, kabla hujanunua chochote. Kofia ngumu, buti ndefu na kinga ya kifua zisiwe za mwisho kwenye bajeti. Mimi nilizinunua kabla ya pistoni ya pili, na mke wangu ndiye aliyesimamia hilo.

Siku yenyewe, pasha moto injini taratibu kwa dakika nne au tano, hadi usiweze kuacha kiganja kwenye mapezi ya silinda. Pistoni hutanuka haraka kuliko silinda ya chuma. Ukiondoka kwa gesi yote injini ikiwa baridi, itashika hata kama kila kitu ni kipya. Mzunguko wa kwanza weka kidole kimoja kwenye klachi muda wote. Na unapofika mwisho wa sehemu ndefu usifunge gesi ghafla na kuiacha injini izunguke kavu. Fungua kidogo mara moja moja ili ipate oili.

Baada ya mazoezi ya kwanza kaza tena nati za kichwa injini ikiwa imepoa, kisha rudia kipimo cha hewa. Vile vizibo vyangu, bamba la ekzosi na plagi yenye mpira, nimevitundika kwenye msumari mlangoni pa karakana. Wenye DT pale Katwe huviazima kila wiki.