Ukitaka kwenda Lhasa, lipia kwanza siku za kukaa bure

Watu wakisikia nimefika Lhasa, mji mkuu wa Tibet huku China, wanauliza bei, wanauliza baridi, wanauliza kama Waafrika tunaruhusiwa, ila hakuna anaeuliza kuhusu pumzi wakati pumzi ndo kitu chenyewe. Mji upo kama mita 3,650 juu ya usawa wa bahari. Kwa Mtanzania hiyo namba ni rahisi kuielewa, chukua mji mzima wenye mahoteli, mataa ya barabarani na maduka ya simu uuweke pale usawa wa kambi ya Horombo kwenye Kilimanjaro, alafu ushushwe hapo na ndege, begi mkononi.

Na hapo ndo wanapotokea wale wa "mi Kili nimepanda mpaka kileleni, Lhasa itanifanya nini". Sikiliza ndugu yangu. Kili unapanda kwa miguu, unalala Mandara, kesho yake Horombo, mwili unazoeshwa taratibu na wapagazi wanakukumbusha pole pole kila saa. Kutoka Chengdu, mji wa China ambako wengi wanapandia ndege, mpaka Lhasa ni masaa mawili na kitu, na Chengdu yenyewe ipo mita 500 tu, yaani mwili haujaambiwa chochote unashtukia tu hewa imepungua kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na Tanga kwetu. Tena kule kuzoea kwa mwaka juzi hakubaki, ukishuka mlimani wiki chache tu mwili umeshasahau. Na kuwa fiti hakusaidii, vijana wa gym ndo mara nyingi wanaumia kwasababu wanajiamini wanabeba mabegi ya wenzao siku ya kwanza.

Kwaiyo ushauri wangu mkubwa, na mengine yote humu ni nyongeza: usinunue kifurushi kwa kuhesabu vivutio, nunua kwa kuhesabu usiku utakaolala Lhasa kabla hujapelekwa popote juu zaidi. Vile vya bei rahisi huwa ni vya siku nne, ya kwanza kufika, ya nne kuondoka, katikati wanakukimbiza. Vingine wanakuvutia na ziwa Namtso ambalo lipo mita 4,718, au kambi ya chini ya Everest ambayo ipo juu ya mita 5,000, alafu ukiangalia ratiba ulale Lhasa usiku mmoja au miwili ndo uanze kupanda. Kataa. Waambie waongeze siku ya kukaa bure, yaani bila ziara yoyote, hata kama unailipia, ukae hotelini, ushuke ukanywe chai, urudi ulale. Itakuuma hela yako lakini ndo hela utakayoitumia vizuri kuliko zote.

Alafu kuna hii imani ya treni. Watu wanasema panda treni utazoea njiani. Reli yenyewe ni kitu cha kuona, ilifunguliwa mwaka 2006 na inapita njia ya mlimani ya Tanggula mita 5,072, hakuna reli ya abiria duniani inayopanda juu hivo, na ukiwa kitandani kuna kitundu cha oksijeni unachomeka mrija. Kutoka mji wa Xining ni kama masaa 21 au 22. Mi naipenda treni na ningekushauri uipande kwasababu ya yale mbuga ya baridi yasiyoisha, na mayaki wale ng'ombe wa manyoya, ila sio kwasababu ya kuzoea, maana ukishapita mji wa Golmud unapandishwa mpaka juu ya mita 4,000 na unakaa huko masaa mengi, wengine wanafika Lhasa hoi kuliko wa ndege. Kinachosaidia ni kulala siku mbili tatu Xining kwenyewe, mita 2,275 hivi, alafu ndo upande. Kurudi panda ndege.

Dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko ipo, Diamox, ni ile ile wanayotumia wapanda Kili, inaanzwa siku moja kabla. Muone daktari kwanza hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Vidole vitakuwasha washa, utaenda chooni kila saa, na soda itakosa ladha, usishtuke.

Sasa naomba hapa usome taratibu kwasababu tovuti za Wazungu huwa hawalisemi, hawaliongelei kwasababu kwao sio ishu sana. Selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni moja ya nchi zinazozaliwa watoto wengi wenye selimundu duniani, kwaiyo wengi wetu tumebeba kile kinasaba cha upande mmoja na hatujui, tunaishi fresh tu. Kwenye miinuko mikubwa mtu mwenye ugonjwa wenyewe ni hatari kubwa, na hata aliebeba upande mmoja anaweza kupata maumivu makali ya bandama upande wa kushoto juu ya tumbo. Kapime kabla ya kulipia chochote, ni kipimo cha kawaida. Na kile kidude cha kubana kidole kupima oksijeni, kwenye ngozi nyeusi wakati mwingine kinatoa namba ya juu kuliko uhalisia, kwaiyo hotelini wakikwambia 88 uko vizuri na wewe unajiona hauko vizuri, jiamini wewe. Kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu na kukosa hamu ya kula siku za mwanzo ni kawaida. Kuhema hata ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kupepesuka kama mlevi au kuanza kuongea vitu visivyoeleweka sio kawaida, hapo hakuna kusubiri kesho, oksijeni, hospitali, na kushuka. Vikopo vya oksijeni vinauzwa kila kona, usihangaike kuvitoa bara maana ndege haviruhusiwi.

Makaratasi. Tibet huendi kivyako. Mgeni lazima awe na kibali maalum cha Tibet kinachoombwa na kampuni ya utalii, na lazima uwe na muongozaji na ratiba iliyopangwa, bila kibali hupandi ndege wala treni. Kwanza unakuwa na viza ya China (na makampuni mengi watakwambia kwenye fomu ya viza usiandike Tibet, andika miji mingine), alafu unawatumia picha ya pasi na viza wanaomba kibali, anza mapema mwezi mzima au zaidi. Wanafunzi tulio huku China tunatumia kibali cha ukaazi lakini tunadaiwa na barua ya chuo, kaichukue mapema maana ofisi za vyuo mnazijua. Wanaopitia Nepal utaratibu ni mwingine, unapewa viza ya kikundi pale Kathmandu na ile viza yako ya China inafutwa, kwaiyo kama unataka kurudi Guangzhou kumalizia mzigo wako usipitie huko kabisa.

Usipange mwezi wa tatu. Kawaida kuanzia mwishoni mwa Februari mpaka mwisho wa Machi wageni hawaruhusiwi, kuna mwaka mpya wa Kitibeti na kuna kumbukumbu ya tarehe 10 Machi 1959, Watibeti walipoasi utawala wa China. Na hapo hapo niseme hili, siasa waachie. Usimuulize muongozaji wako kuhusu Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti anaeishi uhamishoni, mbele za watu, usiwe na picha yake hata kwenye simu, usipige picha polisi wala wanajeshi wala vizuizi. Wewe utapanda ndege uondoke, yeye ndo anabaki na kuhojiwa. Watalii wengine wanajifanya waandishi wa habari aisee, inaudhi.

Nilipenda sana mwezi wa kumi. Jua kali, anga la buluu, watalii wamepungua, na mahujaji ndo wanaanza kuja kwa wingi maana wamemaliza kuvuna. Mwezi wa saba na nane kuna mvua ingawa nyingi inanyesha usiku.

Potala lile jumba kubwa kwenye kilima lilianza kujengwa 1645 wakati wa Dalai Lama wa tano, ghorofa 13, vyumba vinasemwa elfu moja. Tiketi msimu wa watalii ni yuan 200, muongozaji anaikata kwa jina na pasi yako na muda wako wa kuingia unaandikwa, humo ndani unapewa kama saa moja, picha marufuku na maji wanakunyang'anya getini. Tatizo sio ndani, tatizo ni ngazi. Ngazi za Potala zimekaa pale makusudi kumuumbua mtu aliefika jana. Mwambie muongozaji kabisa, Potala isiwe kabla ya siku ya tatu, na akigoma kwasababu ya tiketi basi panda hatua kumi simama, hatua kumi simama, vibibi vya Kitibeti vya miaka themanini vitakupita vinasali na wala usione aibu.

Mi lakini kilichonikaa ni Barkhor, ile njia inayozunguka hekalu la Jokhang. Hekalu ni la karne ya 7, ndani kuna sanamu ya Buddha inayoheshimiwa kuliko zote Tibet, na watu wanakuja kuisujudia wengine wametembea miezi, wanalala kifudifudi kabisa chini, wananyanyuka, hatua tatu, tena chini, wamevaa vibao mikononi. Unazunguka kwa kufuata mshale wa saa, usiende kinyume hata kama duka la soksi limebaki nyuma, zunguka tu litakuja. Kwenye vizuizi vya kuingilia watataka pasi, tembea nayo. Kaa na chenji ndogo ndogo, mahujaji wanaweka noti kwenye madhabahu, na ukiona mtu anaweka noti kubwa alafu anajichukulia chenji pale pale sio mwizi, ndo utaratibu.

Alafu tafuta nyumba ya chai. Achana na ile chai ya siagi na chumvi (ionje mara moja kwa heshima), wana chai tamu ya maziwa ambayo mtu wa pwani ataitambua bila kufundishwa. Unakaa kwenye benchi na wazee, unaweka hela yako ndogo mezani, mama anapita na birika anamimina anachukua hela yake, mnaenda hivo mpaka jioni. Hii ndo kazi ya siku ya kwanza na ya pili. Hakuna ziara nyingine.

Kwa Waislamu wenzangu, msiwe na wasiwasi wa chakula. Kuna msikiti mkubwa karibu na Barkhor uliojengwa 1716, na Waislamu wapo Lhasa miaka mingi, wengine asili yao ni Kashmir. Migahawa ya halali ya Wahui, yaani Waislamu wa China, ya tambi za kuvuta na nyama ya kondoo ipo ya kutosha mitaa hiyo, angalia kibao cha kijani. Ila saa zitakuchanganya, Tibet inatumia saa za Beijing wakati ipo mbali magharibi, kwaiyo wakati wa baridi saa mbili asubuhi bado giza, na mwezi wa sita jua linazama karibu saa tatu usiku. Tumia apu ya nyakati za swala, usikadirie.

Utaombwa picha. Mahujaji wa vijijini hawajawahi kuona mtu mweusi, watacheka, watakushika nywele, kuna bibi alinifuta mkono kuona kama rangi inatoka. Hakuna ubaya ndani yake, mimi nilikuwa nasema tashi delek, salamu yao ya Kitibeti, na kucheka nao. Kama hupendi kushikwa weka kofia, na kofia utaihitaji tu maana jua la huko linaunguza hata ngozi yetu, midomo inapasuka, beba mafuta ya mgando ya kutosha.

Kingine, WhatsApp na Google hazifungui, unganisha kadi yako ya benki na Alipay kabla hujasafiri, na pawabanki isiyo na alama ya 3C (alama ya usalama ya China) ndege za ndani za China wanaichukua.