Bunduki yako ya risasi za .30-06: ibadilishwe iwe ya .375, au ununue nyingine ya .375?

Mkuu, kama unataka kuwinda nyati, nunua bunduki nyingine ya .375. Risasi ya .375 H&H ni ndefu na nene kuliko .30-06, kwa hiyo kubadili mtutu peke yake hakutoshi. Bolti (kifungio kinachosukuma risasi ndani ya mtutu) na magazini (kisanduku cha risasi) navyo vinaguswa, na hela inaishia kukaribia bei ya bunduki nzima. Nimebeba zote mbili huku Ugalla, magharibi mwa Tanzania, nikiwa na wageni wa uwindaji.

Kama shida ni kukosa shabaha kwa ngiri na swala tu, usinunue kitu. Safisha mtutu vizuri, kaza skrubu za kitako, weka darubini ya maana. Ila mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, ikiwa imelika, darubini haitakusaidia. Bunduki ya pili inataka kibali chake, pitia polisi kabla hujalipa.