Re: Ninunue Halo 5 nicheze na mdogo wangu?

Kaka, umesema umeona Halo 5, ile gemu ya kupigana risasi, mtumba huko mjini na wataka kucheza na mdogo wako kwa Xbox One moja, wallahi hio pesa iweke kwanza. Ilitoka 2015 na hapo ndipo walipoondoa kugawanya skrini ya TV kwa wachezaji wawili, yani hata mkiwa na padi mbili mmoja atakaa kando aangalie tu, mkitaka kucheza wawili kila mtu awe na Xbox yake na intaneti, sasa nyumba moja Xbox mbili zatoka wapi?

Hadithi nayo inauma. Matangazo yote ni askari Locke anamsaka Master Chief, shujaa wa Halo, kumbe kati ya misheni 15 Chief unamcheza 3 tu, na pale wanapopigana ngumi wewe hugusi padi, unatazama tu kama sinema. Silaha ni tamu, hapo siwezi kudanganya.

Tafuta Master Chief Collection, mkusanyiko wa gemu za Halo, ya Xbox sio ya kompyuta, hio skrini inagawanyika vizuri. Ndani kuna Halo 3, na Halo nyingine iitwayo ODST ambayo iliongezwa baadaye kwa kushusha mtandaoni, muulize muuzaji kabla hujalipa. ODST ndio mchezeni kabisa maana iko New Mombasa, yani Mombasa ya baadaye, mwaka 2552, usiku barabara tupu wewe askari watafuta wenzako, na misheni zaitwa Kizingo Boulevard na Kikowani Station. Kizingo hii hii yetu ya Mombasa! Mara ya kwanza kuliona hilo jina nilisimamisha gemu nikamwita mamangu aje aone.