Kulia si kukosa imani

Pole sana, dada. Umeuliza kama kulia usiku, wakati mumeo ana saratani iliyosambaa, ni kukosa imani. Hapana. Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, na Zaburi ya 88 huanza kwa kilio ikaishia gizani, bila jibu. Bado imo kwenye Biblia. Isome siku maombi yanapokukwama kooni.

Waite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta, kama Yakobo 5:14 inavyosema. Ila atakayekwambia aache dawa ili "kuonyesha imani", mkatalie, hata awe mchungaji. Maumivu yakizidi mwambieni daktari mapema. Morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, si dhambi. Nawe ule, ulale. Waumini wakiuliza wasaidie nini, wapangie zamu za kukaa na mgonjwa.