Mguu wa kushoto kuchelewa kwenye pedali mbili za ngoma ya besi (dramu)

Kaka, kama unapopiga dramu mguu wa kushoto unaachwa nyuma ukifika kasi ya milio 120 kwa dakika, usikimbilie kasi. Kwanza kagua pedali yenyewe. Ya kushoto huzungusha chuma kirefu cha kuunganisha, kwa hivyo huwa nzito kidogo kuliko ya kulia. Kaza au legeza springi mpaka nyundo zote mbili zinazogonga ngoma zirudi sawasawa. Na hii hewa ya chumvi ya Mombasa hula viungo vya hicho chuma: futa kutu, tia tone moja la mafuta ya cherehani.

Kiti kiwe juu kiasi nyonga zipite magoti kidogo.

Sasa weka metronomu (kile kifaa cha kulia kwa kasi moja) kwenye 60, mapigo manne kwa kila mlio, ukianza na KUSHOTO: kushoto, kulia, kushoto, kulia, dakika mbili. Halafu kushoto peke yake, mapigo mawili kwa mlio, kisigino kikiwa chini. Inachosha, lakini ndiyo inayojenga kifundo. Kisha ingiza mikono: wa kulia uguse haihati (yale matoazi mawili) kila mlio, wa kushoto upige sneya (ngoma ndogo iliyo mbele yako) kwenye mlio wa 2 na wa 4. Miguu ikiyumba mikono ikiingia, kasi bado ni kubwa kwako. Ongeza kasi kwa 4 tu ukimaliza dakika mbili bila kosa.

Jirekodi kwa simu. Sikio hudanganya ukiwa unapiga. Muundi ukiuma, acha, unakaza mguu mno. Na wa ghorofa ya chini ukiwaonea huruma, fanyia kwenye mto.