Fremu ya Kubebea Pikipiki ya Magurudumu Manne

SWALI: Ndugu Mhariri, nataka fundi aniundie fremu ya chuma kwenye pikapu yangu ya milango minne, ili ibebe pikipiki ya magurudumu manne yenye kilo 300. Je, aichomelee kwenye kingo za bodi?

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Kingo hizo ni bati lililokunjwa tu, na mtikisiko wa barabara ya vumbi utalipasua. Nguzo za fremu zishuke hadi kwenye chesisi, yaani uti wa chuma unaobeba gari lote, zifungwe kwa bolti kupitia matundu yaliyopo, kwa kuwa joto la kuchomelea hudhoofisha chuma chake. Uzito ukae chini kadiri iwezekanavyo, maana mzigo ulioinuliwa juu ya kabini, ingawa wengi huupenda kwa macho, hurahisisha gari kupinduka kwenye kona. Jumlisha pia uzito wa fremu na abiria kabla ya kuulinganisha na kikomo cha uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba.