Maswali ya Wasomaji: Kereng'ende Mwenye Mabawa Meusi

SWALI: Kwenye bwawa letu la perege kuna kereng'ende mfupi, mwili wa bluu iliyopauka kama amepakwa majivu, na karibu nusu ya mabawa yake ni nyeusi. Kijana wangu anashikilia kwamba ndiye yule wa Tanzania anayekaribia kutoweka duniani. Ni kweli?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Siye, ndugu yetu, ila mwambie kijana amekaribia. Anayemsema ni Amanipodagrion gilliesi, aliyepewa jina hilo mwaka 1962. Huyo anajulikana Usambara Mashariki tu, mkoani Tanga, kwenye msitu wa Amani, na orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, inamweka daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Wa kwenu, kwa maelezo uliyotupa, ni dume la Palpopleura lucia, mkazi wa kawaida wa mabwawa na madimbwi yenye nyasi sehemu kubwa ya Afrika. Jike wake ana manjano mwilini, kwa hiyo msije mkadhani ni wa aina nyingine.

Cha kutazama kwanza ni weusi ulipo. Kwa huyo wa bwawani unaanzia pale bawa linapoungana na mwili, na ncha inabaki angavu. Dume la Amani ni kinyume: bawa ni angavu, weusi uko kuelekea nchani. Kisha umbo: wenu ni bapa na mpana, wa Amani ni mrefu, mwembamba kama njiti ya fagio.

Wengi hufundishwa kwamba kereng'ende wembamba hufumba mabawa wanapotua na wanene huyaacha wazi. Hapa kanuni hiyo itakupoteza, maana huyu wa Amani ni mwembamba na bado hutua mabawa yakiwa wazi. Linganisha mabawa yenyewe. Kwa wembamba, la mbele na la nyuma yanafanana, na yote yamebanwa panapoungana na mwili. Kwa wanene, la nyuma limetanuka hapo.

Hata bila kumkaribia, maji yenyewe yangekupa jibu. Wa Amani anataka kijito kidogo cha maji safi yanayotiririka, chini ya kivuli cha msitu mnene. Bwawa la perege linalopigwa jua mchana kutwa halimfai.

Mkiona mwingine wa kutiliwa shaka, mpige picha tatu: juu, ubavuni, na ncha ya mkia kwa karibu, kwani vikoleo vya dume vilivyopo hapo hutenganisha aina zinazofanana. Saa nzuri ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ukungu ukishaondoka. Sogea ukiwa umeinama na usimtupie kivuli chako, ataruka. Andika pia kama maji yanakwenda au yametulia, na kama pana kivuli. Picha isiyo na maelezo hayo mara nyingi haitusaidii.

SWALI: Tumeacha kulima vinyungu (bustani za bondeni za kiangazi) kwenye kijito chetu. Tupande nini ili wadudu wa majini warudi?
Kikundi cha wakulima, Njombe

JIBU: Pimeni kwanza. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Kinyungu kikichimbwa kiangazi, mvua za kwanza hubeba ule udongo uliolegezwa na kuziba nafasi zilizo kati ya mawe, ambamo lava wa kereng'ende, yaani mtoto wake anayeishi majini, hujificha. Kwa hiyo acheni nyasi za ukingoni zisimame, zitachuja udongo. Mabomba ya dawa yaoshwe mbali kabisa na kijito.

Kama ukingoni kuna mikaratusi na miwati, ondoeni kidogo kidogo, msifyeke yote kwa mkupuo. Maji yakianikwa ghafla hupata joto, na maji ya moto hayashiki hewa nyingi. Visiki vya mikaratusi huchipua, basi kateni machipukizi kabla hayajapita magoti. Miwati msiichomee hapo: mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi, na moto ndio unaoziamsha. Pengo linaloachwa lijazwe na mivengi au miti mingine ya asili ya bonde lenu.

Hili lina mfano. Huko Western Cape, Afrika Kusini, kereng'ende mwembamba aitwaye Proischnura polychromatica alidhaniwa ameshapotea, akaonekana tena baada ya miti vamizi kuondolewa kando ya maji. Ila yule ni mpenda jua. Kwetu, kijito kilichokuwa cha msitu kirudishiwe kivuli.

SWALI: Kuna kereng'ende wa Wangari Maathai? Anapatikana Mufindi?
Mwanafunzi, Mafinga

JIBU: Yupo: Notogomphus maathaiae, aliyetangazwa mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya mama huyo kupewa Nobeli ya Amani. Ana kijani na weusi, naye ni wa vijito vya misitu ya milimani Kenya. Mufindi hayupo.

SWALI: Nawezaje kuwaonyesha wanafunzi lava bila vifaa vya maabara?
Mwalimu, Mbeya

JIBU: Chujio la waya la jikoni na beseni jeupe vinatosha. Tia kwenye beseni maji ya kijito chenyewe, kina cha sentimita 2 au 3. Elekeza mdomo wa chujio yanakotoka maji, kisha vuruga mawe na majani yaliyooza mbele yake kwa nusu dakika. Mwaga ulichopata kwenye beseni, subiri tope litulie.

Mwenye vijani vitatu mkiani ni wa kereng'ende mwembamba. Hayo ni matamvua yake. Mnene hana. Yeye huvuta maji kwa nyuma na kuyafyatua, ndiyo maana hurushwa mbele ghafla. Mgeuze uone mdomo wa chini uliokunjwa kama kiwiko, ambao huufyatua kunasa windo. Msiwaweke wawili kwenye kopo moja, watalana, wala msiwashike kwa vidole, kwa sababu vile vijani hukatika upesi, tumieni kijiko. Warudisheni ndani ya dakika kumi, beseni likiwa bado kivulini.